Pesa za Dawa Zilizomezwa Njiani

Ijumaa ya kwanza ya mwezi, nyumbani kwetu Al Wukair, ni siku ya kumpigia Bibi simu. Baba akisharudi msikitini na Mama akishapakua wali, tunakusanyika sebuleni, simu inawekwa spika, na kila mtu anasubiri zamu yake ya kusema shikamoo. Bibi anaishi Tanga, mtaa wa Ngamiani, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba. Yeye ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa Kiswahili, na mpaka leo hanihurumii nikikosea ngeli.

Ijumaa moja muhula uliopita, baada ya salamu, Baba alimuuliza kama pesa za dawa zimefika. Bibi ana presha na sukari, na kila mwezi Baba humtumia riyali 200, ambazo zikifika kule huwa kama shilingi laki moja na arobaini. Dawa zake zinagharimu kama elfu tisini. Kinachobaki ni cha mboga na umeme.

"Zimefika," Bibi akasema. Kisha akanyamaza kidogo. "Zimefika, lakini hazikukaa."

Ilibidi Baba aulize mara tatu ndipo akaeleza. Wiki tatu kabla, mtoto wa jirani alikuwa anaolewa. Bibi aliahidi mchango wa harusi, na siku ya kutoa ilipofika mfuko ulikuwa mtupu. Simu yake ikamwambia kwamba anaweza kutuma hata kama salio halitoshi. Akabonyeza kukubali. Shilingi elfu sitini zikaenda harusini, watu wakapiga vigelegele, na Bibi akarudi nyumbani na heshima yake. Lakini kila siku iliyopita, ada iliongezeka. Pesa za Baba zilipoingia, simu ilijilipa yenyewe kwanza. Elfu sabini na nne zilikatwa kabla Bibi hajavaa miwani asome ujumbe. Zikabaki elfu sitini na sita. Dawa za mwezi mzima hazikununulika, na Bibi alikuwa anameza kidonge kimoja badala ya viwili ili vifike mwisho wa mwezi.

Mama aliweka kijiko chini. Sote tunaijua methali ya kukopa harusi, kulipa matanga. Nilikuwa nimeiandika kwenye insha mwaka wa kwanza na nikapata alama nzuri. Siku ile ndiyo niliielewa.

Aibu yangu mwenyewe

Ningependa kuwaambia, wanachama wenzangu, kwamba nilimhurumia Bibi kama mtu anayejua mambo ya benki. Mimi nasoma chuo kikuu, nina programu tatu za fedha kwenye simu. Ukweli ni kwamba usiku ule ule niligundua kuwa nami nimo katika maji hayo hayo.

Kiangazi kilichopita nilifanya kazi ya mafunzo kwa wiki sita, nikafunguliwa akaunti katika benki moja ya hapa. Kazi ilipoisha nilitoa karibu pesa zote, nikaacha riyali 62. Sikuifunga akaunti kwa sababu niliamini akaunti isiyotumika haina gharama. Kumbe mkataba nilioutia sahihi bila kuusoma ulisema salio likishuka chini ya riyali 1,000, benki itakata riyali 25 kila mwezi.

Mwezi wa kwanza walikata 25, zikabaki 37. Halafu programu ya muziki niliyoisahau ikachukua 20, zikabaki 17. Mwezi wa pili ada ikaja tena, na kwa kuwa 17 hazitoshi, salio likawa hasi 8. Mwezi wa tatu hasi 33. Mwezi wa nne hasi 58. Nilipoanza kazi ya saa chache maktabani, mshahara wangu wa kwanza wa riyali 400 uliingia kwenye akaunti hiyo na nikakuta 342. Nilidhani maktaba imekosea hesabu. Nilikuwa karibu kwenda kumlalamikia msimamizi wangu!

Riyali 58 si kiasi cha kumwangusha mtu. Lakini kwangu ni safari 29 za metro kutoka kituo cha Al Wakra, ambako basi la kutoka mtaani kwetu hutushusha kila asubuhi. Na ukihesabu vizuri, benki ilichukua ada mara nne, yaani riyali 100, kutoka kwa mtu aliyekuwa na riyali 62. Nilitozwa kwa kosa la kuwa na pesa kidogo.

Jambo lenyewe lilianzaje

Kutoa pesa zaidi ya ulizo nazo kwenye akaunti huitwa ovadrafti. Historia yake inarudi Scotland mwaka 1728, ambapo Royal Bank of Scotland ya mjini Edinburgh ilimruhusu mfanyabiashara mmoja, William Hogg, kuchukua hadi pauni 1,000 zaidi ya zilizokuwemo kwenye akaunti yake. Tatizo la Hogg halikuwa umaskini. Alikuwa na wateja waliokuwa wakimdai bidhaa na wengine aliokuwa akiwadai yeye, ila pesa za kuingia zilikuwa zinachelewa kuliko pesa za kutoka. Benki ilimjengea daraja fupi kati ya tarehe mbili.

Naomba mlikumbuke daraja hilo, kwa sababu nadhani ndilo linaloeleza kila kitu. Ovadrafti ilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye pesa zake ziko njiani. Humfaa mtu ambaye mshahara unaingia Jumapili na bili ni Alhamisi. Kwa mtu ambaye hana pesa zozote njiani, au ambaye pesa zilizo njiani tayari zina kazi yake, kama za Bibi, daraja hilo halifiki ng'ambo. Anaishia katikati ya mto, na kila siku analipia kusimama hapo.

Afrika Mashariki daraja hili limehamia kwenye simu. Kenya, Safaricom pamoja na benki mbili walizindua Fuliza mwezi Januari 2019. Mteja wa M-Pesa ambaye salio halitoshi anaweza kumaliza malipo yake, kisha anatozwa asilimia 1 mara moja na ada ya kila siku mpaka amalize deni. Pesa yoyote inayoingia hulipa deni kwanza. Tanzania zipo huduma za namna hiyo pia, kama Songesha ya Vodacom. Sitasema simu ya Bibi ni ya kampuni gani, maana utaratibu huu ni wa kawaida katika huduma za aina hii na kisa chetu hakimhusu mtu mmoja.

Maneno matamu

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, naomba niseme neno kuhusu maneno.

Mwenzetu mmoja wa chamani, ambaye wazazi wake ni wa Mombasa, aliniambia kwao watu husema "nimefuliza" kama vile wanavyosema "nimekula". Nilikwenda kutafuta kamusini. Kufuliza ni kufanya jambo mfululizo, bila kukatiza, na ni ndugu wa kufululiza. Songesha ni kusogeza jambo mbele. Huduma ya kukopa muda wa maongezi kule Kenya inaitwa Okoa Jahazi. Mkopo wa M-Pesa wa mwaka 2012 ukaitwa M-Shwari, yaani bahari imetulia. Tanzania kuna Nipige Tafu, lugha ya rafiki anayeomba asaidiwe.

Angalieni jinsi majina haya yalivyochaguliwa. Kuna bahari, kuna jahazi, kuna rafiki, kuna safari inayoendelea. Neno deni halimo hata mara moja. Silaumu waliobuni majina hayo, ni Kiswahili kizuri, na mimi kama mwanafunzi wa lugha nafurahi kuona biashara kubwa ikizungumza Kiswahili badala ya kutuletea maneno ya kuazima. Lakini msomaji mzuri wa lugha hujiuliza neno lililokosekana limekwenda wapi.

Na Bibi naye alikuwa na neno lake. Baba alipomuuliza kwa nini alikopa, alijibu kwa ukali kidogo: "Sikukopa mwanangu, niliazima tu."

Mwalimu wetu wa sarufi aliwahi kutueleza tofauti hiyo. Ukiazima sufuria ya jirani, unarudisha sufuria ile ile. Ukikopa, unachukua kitu ukitumie, kisha unalipa kingine chenye thamani yake. Bibi ameishi maisha yake yote katika mtaa wa kuazimana: sufuria, mkeka, hata pesa ya nauli. Huko hakuna anayerudisha sufuria akadaiwa na kifuniko kipya. Simu ilipomwambia kwamba itamsaidia, aliisikia kama sauti ya jirani.

Hesabu ambayo ada huificha

Sasa tuhesabu. Natumia viwango vya Fuliza kwa sababu vinajulikana na vilitangazwa wazi. Mwisho wa Septemba 2022 viwango vilipunguzwa. Kwa madeni ya shilingi 1,000 za Kenya kushuka chini, ada ya siku ilikatwa kwa nusu na siku tatu za kwanza zikawa bila ada ya siku. Kwa madeni kati ya shilingi 2,501 na 70,000, ada ya siku ilishuka kutoka shilingi 30 hadi 25, bila kuhesabu ushuru wa serikali.

Shilingi 25 kwa siku haitishi mtu. Lakini chukua mtu aliyefuliza 3,000 akakaa siku 30. Ada ya siku ni 25 mara 30, yaani 750. Ongeza asilimia 1 ya mwanzo, yaani 30. Jumla ni 780, na ushuru bado. Amekopa 3,000 na kwa mwezi mmoja amelipia zaidi ya robo yake. Sasa chukua mtu aliyefuliza 70,000 kwa siku hizo hizo 30. Naye ada yake ya siku ni 25 ile ile, jumla 750, na asilimia 1 ni 700. Amelipa 1,450, ambayo ni kama asilimia 2 tu ya alichokopa. Anayekopa kidogo ndiye anayekopa kwa bei ghali.

Mtu huyo huyo wa 3,000 akilipa baada ya siku mbili tu, amelipa 80. Hapo daraja limefanya kazi yake. Kwa hiyo sisemi ovadrafti ni mbaya siku zote. Nasema bei yake iko kwenye siku, si kwenye kiasi, na sisi tunaokopa kidogo huwa tunaangalia kiasi tu.

Linganisheni na mikopo mingine. M-Shwari hutoza asilimia 7.5 mara moja kwa siku 30, hivyo 3,000 ingegharimu 225 kabla ya ushuru. Mfuko wa serikali ya Kenya uitwao Hustler Fund, uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka mzima. Kwa 3,000 ya mwezi mmoja, hiyo ni kama shilingi 20. Pesa ni zile zile na simu ni ile ile, lakini bei ni 20, 225 au 780. Tofauti inatokana na kitufe ulichobonyeza ukiwa na haraka.

Jambo hili si la Afrika Mashariki peke yake. Marekani, kwa miaka mingi, benki nyingi zilikuwa zikitoza kama dola 35 kwa malipo yanayopita salio. Hizo ni zaidi ya riyali 127 kwa thamani ya riyali 3.64 kwa dola. Mtu ananunua kahawa ya dola nne na kuilipia thelathini na tisa. Uingereza, msimamizi wa masoko ya fedha alipiga marufuku ada za mkupuo za ovadrafti kuanzia Aprili 2020. Benki zinatakiwa kutaja bei kama riba ya mwaka, ili mteja aweze kulinganisha. Riba zenyewe ziko juu, lakini angalau anayekopa kidogo halipi sawa na anayekopa sana.

Siku saba za Baba

Mtaa wetu wa Al Wukair uko kusini mwa Doha, ndani ya manispaa ya Al Wakrah. Wengi wetu tunaishi humo kwa sababu kodi ni nafuu kuliko mjini. Familia ni za watu wanaolipwa mwezi kwa mwezi, na nusu ya kila mshahara ina mwenyewe Tanga, Manila, Kerala au Khartoum.

Hapa Qatar mishahara hupitia benki chini ya mfumo wa ulinzi wa mishahara uliowekwa mwaka 2015. Mwajiri anatakiwa kulipa ndani ya siku saba tangu tarehe ya mshahara kufika. Ni sheria nzuri, imewasaidia wengi. Lakini siku saba ni siku saba. Mshahara unaweza kuingia tarehe 1 au tarehe 7, na vyote ni halali.

Kodi ya nyumba haina siku saba. Kama wapangaji wengi wa hapa, Baba alimpa mwenye nyumba cheki za mwaka mzima, kila moja na tarehe 1 ya mwezi wake. Na hapa cheki isiyo na pesa haiishii kwenye ada ya benki. Ni kosa la jinai, linaloweza kumfikisha mtu gerezani. Mimi nilikuwa sijui. Nilikuwa naona Baba anakuwa mkali kila mwisho wa mwezi, nikidhani ni uchovu wa kazi.

Baada ya simu ile ya Bibi, Baba alinionyesha daftari lake. Mwaka juzi kuna mwezi mshahara ulichelewa mpaka tarehe 4. Usiku wa tarehe 30 alizunguka kwa marafiki watatu kukusanya riyali za kuweka benki kabla ya asubuhi. Aliwarudishia wote tarehe 5, riyali kwa riyali. Wale walimwazima, kwa maana ya Bibi.

Nilipoangalia daftari lile niliona kwamba Hogg wa Edinburgh, Baba na mimi tulikuwa na tatizo moja. Pesa ya mwezi ilitosha. Tarehe ndizo zilizogombana.

Tuliyoyafanya

Sasa nieleze tuliyoyafanya nyumbani, kwa sababu najua chamani tuko wengi ambao mwisho wa mwezi tunajificha kwa wenzetu wanaokwenda kula. Sikusomea uhasibu. Haya ni ya kawaida, na yametusaidia.

Kwanza, tuliacha bajeti tukaanza kalenda. Bajeti inasema chakula kiasi hiki, nauli kiasi hiki, na mwezi mzima ni sawa. Haisemi kwamba tarehe 1 mpaka 6 hakuna kitu. Tulichora mwezi kwenye karatasi, tukaandika kila pesa inayoingia na inayotoka katika siku yake. Siku ambazo jumla inashuka chini ya sifuri zilionekana wazi kabla hazijafika. Kwetu zilikuwa siku nne.

Pili, tukasogeza tarehe. Mkataba wa nyumba ulipokuwa unahuishwa, Baba aliomba cheki ziandikwe tarehe 8 badala ya tarehe 1. Ofisi ya mwenye nyumba ilikubali bila mjadala. Miaka yote ile alikuwa hajauliza. Mimi nikasogeza malipo ya simu yangu yafuate mshahara wa maktaba.

Tatu, nilikwenda benki. Nilikwenda na karatasi yenye tarehe na ada zote nne, nikamwambia dada wa kaunta kwamba mimi ni mwanafunzi, akaunti ilifunguliwa kwa kazi ya wiki sita, na kwamba sikujua. Sikupiga kelele. Niliomba vitu viwili: warudishe ada, na waibadilishe akaunti iwe ya wanafunzi isiyo na sharti la salio. Alimwita msimamizi wake. Nilirudishiwa riyali 50, yaani ada za miezi miwili, na akaunti ikabadilishwa siku ile ile. Sikurudishiwa zote, lakini kama nisingeuliza nisingepata hata moja. Anayekataliwa bila sababu anaweza kuandika malalamiko kwa benki yenyewe, na wasiporidhika wayafikishe Benki Kuu ya Qatar, ambayo ina kitengo cha kuwalinda wateja.

Nne, tulifuta akaunti tusizozitumia na huduma tulizozisahau. Dada yangu mdogo alikuwa analipia michezo miwili ambayo haichezi tena. Akaunti usiyoitumia, ifunge rasmi na uchukue barua ya kufungwa. Usidhani ukiiacha itakufa yenyewe. Na usidhani jina la benki peke yake linakuepusha. Iwe ya kawaida au ya Kiislamu, iombe jedwali la ada ulisome kabla ya kutia sahihi.

Tano, kama una madeni mawili, lipa kwanza lile linaloongezeka kwa siku. Sisi huwa tunakimbilia kulipa la mtu tunayemwonea haya. Rafiki anaweza kukusubiri wiki ukimweleza ukweli. Ada ya siku haisubiri.

Sita, tunajenga mto mdogo wa kuegemea. Nimejiwekea riyali 150 ambazo ninajifanya hazipo. Nikiona salio ni 150, kwangu hiyo ni sifuri. Nilianza na riyali 10 kwa wiki. Haba na haba hujaza kibaba, na nimejifunza kwamba haba na haba za ada hukimwaga kibaba hicho hicho.

Na Bibi je?

Hapa ndipo palikuwa pagumu zaidi. Baba alitaka kumwambia Bibi aondoke kabisa kwenye huduma ile. Mama akasema mama mtu mzima haamrishwi kama mtoto, na kwamba tatizo la Bibi halikuwa kitufe. Tatizo lilikuwa kwamba alihitaji elfu sitini na akaona aibu kutuambia.

Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata Mama ndiye aliyezungumza naye kwanza. Alianza kwa kumwambia habari zangu: kwamba mjukuu wake msomi naye alikuwa na salio hasi kwa miezi mitatu bila kujua. Bibi alicheka sana. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Kumbe na nyinyi huko Uarabuni mnakatwa?" Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa rahisi.

Tulikubaliana mambo matatu. Pesa za dawa sasa haziendi kwenye simu ya Bibi. Zinakwenda kwa Shangazi, anayekaa Makorora na ambaye laini yake haina deni, naye hupita duka la dawa na kumpelekea Bibi dawa zikiwa tayari kwenye mfuko. Pesa ya matumizi ndiyo inayokwenda kwa Bibi mwenyewe. La pili, Baba sasa hutuma tarehe 9, baada ya cheki ya nyumba kupita, na Bibi anaijua tarehe hiyo, hivyo hasubiri gizani. La tatu, tumeanza mfuko wa michango. Watoto wa Bibi watatu kila mmoja anaweka kidogo kila mwezi kwa Shangazi, kwa ajili ya harusi na misiba ya mtaani. Kwa Bibi michango si anasa. Jirani anayechangiwa leo ndiye atakayembeba Bibi hospitali kesho, na hilo hakuna benki inayolifanya.

Huduma ya kwenye simu hakuiondoa. Alisema anaiacha kwa dharura, na sasa anajua bei yake. Nilimweleza hesabu ya siku mbili na siku thelathini. Alinyamaza akapiga hesabu, kisha akasema, "Basi hii ni teksi, si nyumba. Ukiingia, shuka mapema."

Nimelifikiria sana neno hilo. Mihadhara yote niliyoisikia kuhusu fedha haijanipa sentensi fupi kama hiyo.

Wanachama wenzangu, na walimu wetu, nina ombi moja. Tukikutana chamani mwezi ujao, kila mmoja aje na karatasi moja yenye kalenda ya mwezi wake, bila kuandika kiasi kama anaona haya, tarehe tu. Tutaangalia zinagombana wapi. Na kama kuna mwenzetu ambaye siku nne za mwezi hana nauli ya kufika chuoni, afadhali tujue sisi kabla simu yake haijajua. Riyali 20 za wiki moja tunaweza kuazimana, na zikirudi zirudi zilivyo, bila kifuniko kipya.

Dawa za Bibi za mwezi huu zilimfikia tarehe 10. Shangazi alituma picha ya mfuko. Bibi alituma ujumbe wa sauti kuthibitisha, na mwishoni akasahihisha ngeli niliyokosea wiki iliyopita.